Shajara ya mradi: kuufanya mkondo wa mota ya reluktansi utii, Lubumbashi

Hii ni kumbukumbu ya mota moja na kidhibiti chake. Naiandika kila hatua inapokwisha ili fundi mwingine aweze kuiga, na asiunguze nilivyounguza. Sehemu za kawaida, kama kulehemu na kukata bati, nazipita haraka. Palipoharibika kitu nitakaa zaidi.

10 Februari 2024: mota imepatikana

Mama mwenye kinu cha bunga (unga) huko Katuba, hapa mjini, ameunguza mota mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Ni mota za induksheni za fezi moja. Mchana zinasaga vizuri. Jioni, mtaa mzima ukiwasha majiko ya umeme, volti zinashuka kutoka 220 hadi 170, siku nyingine 160. Nguvu ya kuzungusha ya mota ya namna hiyo inafuata mraba wa volti, kwa hiyo kwa 160 inabaki na nusu na kidogo tu. Mzigo haujapungua, mota inalegea, inavuta mkondo mwingi zaidi, waya zinapata moto hadi varnishi inanuka. Na jioni ndiyo saa watu wanaleta mabeseni yao, maana bukari, yaani ugali, inapikwa usiku.

Kwenye vyuma chakavu nimekuta mota ya reluktansi ya kilowati 2.2, mizunguko 1500 kwa dakika, imetolewa kwenye mashine iliyovunjwa na kidhibiti chake kimekufa. Dola 45. Stata, sehemu iliyotulia, ina meno 12 yenye koili; rota, sehemu inayozunguka, ina meno 8 na ni chuma kitupu: haina sumaku, haina waya, haina kitu cha kuungua. Koili ziko katika fezi tatu, A, B na C, yaani makundi yanayowashwa kwa zamu, na kila fezi ina koili nne. Unapopitisha mkondo kwenye fezi moja, meno ya rota yaliyo karibu yanavutwa hadi yatazamane na meno ya stata. Mkondo ukienda kulia au kushoto ni sawa, mvuto haubadiliki. Ila lazima uwashwe kabla jino halijafika na uzimwe kabla halijapita, la sivyo unalivuta kurudi nyuma.

Wazo lenyewe ni la zamani. Robert Davidson wa Aberdeen aliendesha kichwa cha reli kwa mvuto wa aina hii mwaka 1842. Kilichokosekana wakati ule ni transista na njia ya kuutawala mkondo. Mota hii huwezi kuichomeka ukutani, kwa sababu bila kidhibiti haizunguki hata mara moja.

Maneno mawili nitayatumia hadi mwisho. Meno ya rota na stata yakitazamana naita "jino kwa jino". Jino la stata likitazama nafasi kati ya meno mawili ya rota naita "jino kwa pengo".

24 Februari: fezi C

Fezi C ilikuwa imeungua. Nimempelekea mzee wa bobinaji, anayesuka koili upya, huko Kamalondo, mtu ambaye kazi yake naiamini. Waya ya asili ilikuwa milimita 0.95, mizunguko 124 kwa kila koili.

"Mwana, ya zero tisa tano haiko," akaniambia. "Iko ya moja. Itaingia, lakini haitaingia yote."

Nikasema tuweke hiyo. Imeingia mizunguko 112 kwa koili. Nimeandika namba hiyo kwenye daftari nyuma ya jalada. Dola 35.

9 Machi: daraja la transista

Kila fezi inataka transista mbili (swichi) na dayodi mbili (zinapitisha mkondo upande mmoja tu), moja juu ya koili na nyingine chini. Uzuri wa mpangilio huu ni kwamba koili iko katikati ya transista zake, kwa hiyo hata programu ikikosea na kuziwasha zote mbili, hakuna njia ya mkato kutoka chanya hadi hasi. Kwa anayejifunza, hiyo ni rehema kubwa.

Transista ni FGA25N120, zile zinazouzwa kama vipuri vya majiko ya induksheni. Dola 3 moja. Nilinunua sita.

Kosa: kwa dayodi nilichukua 6A10, kwa sababu sita zilikuwa dola 3 tu. Ni dayodi za kurekebisha umeme wa ukutani, yaani kuugeuza uende upande mmoja, zimezoea mara 50 kwa sekunde. Hapa zinatakiwa kufunga mara elfu kadhaa. Dayodi pole inachelewa kufunga, na katika ule muda mfupi transista inayowashwa inakuta mlango wazi hadi kwenye hasi. Transista nne zimepasuka katika siku mbili, moja ikaruka na kipande cha plastiki hadi ukutani. Nimeweka MUR1560, dola 2.50 moja, na transista nne mpya. Hakuna iliyokufa tena. Vaeni miwani.

30 Machi: ramani ya flaksi

Kabla ya kudhibiti lazima ujue koili inabadilikaje rota inapozunguka. Njia: funga rota isizunguke, piga koili volti kwa muda mfupi, soma mkondo. Volti ulizotoa zinagawanyika mara mbili, sehemu inaliwa na ukinzani wa waya, sehemu inajenga flaksi, yaani usumaku unaopita ndani ya koili. Toa ya kwanza, jumlisha ya pili kadiri muda unavyokwenda, umepata flaksi. Nilitoboa sahani ya chuma matundu kila nyuzi 2.5 na kuifunga rota kwa bolti. Kutoka jino kwa jino hadi jino kwa pengo ni nyuzi 22.5, basi vipimo kumi kwa kila fezi.

Siku ya kwanza mistari yangu haikurudi sifuri. Koili ilikuwa inapata moto kipimo baada ya kipimo, na shaba huongeza ukinzani karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto. Nilikuwa natumia ohmu 1.1 za asubuhi wakati koili ilishafika 1.25. Sasa napima ukinzani kabla ya kila pigo.

Matokeo ya fezi A na B: indaktansi, yaani flaksi kwa kila ampea, ni milihenri 8 kwenye pengo, 61 kwenye jino. Kwa ampea 14 chuma kimeshiba na flaksi haipandi sana tena. Fezi C imetoa 6.5 na 50. Umeme ulikatika mara mbili nikiwa kwenye C, nikamalizia usiku kwa betri, kwa hiyo nachukulia ni kosa la kipimo. Jedwali la A litatumika kwa zote tatu.

20 Aprili: udhibiti wa bendi

Njia rahisi kuliko zote: unachora bendi kuzunguka mkondo unaotaka. Ukivuka juu, zima. Ukishuka chini, washa. Haihitaji kujua lolote kuhusu mota, na kwa hiyo watu huiita imara.

Nilijaribu kwa betri nne, volti 48. Picha kwenye osiloskopu, chombo kinachochora mkondo, ilikuwa safi, mkondo umekaa ndani ya nusu ampea. Nikafurahi mapema. Nilipopanda hadi 310, yaani 220 za ukutani zilizorekebishwa, mkondo uliruka juu ya bendi kwa ampea mbili nzima.

Hesabu inaeleza. Kidhibiti changu kinasoma mkondo kila mikrosekunde 50. Kwenye pengo, milihenri 8, volti 48 zinapandisha mkondo ampea 0.3 kati ya usomaji mmoja na mwingine. Volti 310 zinaupandisha 1.9. Nikisoma mara moja mkondo uko chini ya bendi, nikisoma tena umeshapita. Anayeiga kazi hii asikubali matokeo ya volti 48 kuwa matokeo. Betri ni za kukulinda usife, hazikuonyeshi mota itakavyokuwa.

Jambo la pili ni sauti. Bendi haina mapigo ya kudumu: kwenye pengo transista zinapiga haraka, kwenye jino polepole, na mlio unapanda na kushuka katika kila jino. Ukiwa kwenye chumba cha kinu siku nzima, utaumwa kichwa.

11 Mei: PI

Nimehamia mapigo ya kudumu, 20,000 kwa sekunde, na kidhibiti cha PI (kinatazama kosa la sasa na jumla ya makosa yaliyopita) kinachoamua upana wa kila pigo.

Niliipima rota ikiwa imefungwa jino kwa jino, kwa sababu ndivyo inavyokaa yenyewe ukiwasha fezi. Nikapata kigezo cha volti 190 kwa kila ampea moja ya kosa, mkondo unapanda vizuri. Nikafungua rota. Ilipofika kwenye pengo mkondo ukaanza kuyumba ampea tano juu, tano chini, fyuzi ikakatika. Kigezo kilichofaa milihenri 61 kinakuwa kikali karibu mara nane kwenye milihenri 8, na kuchelewa kwa usomaji na pigo, jumla mikrosekunde 75, kunatosha kukigeuza kutoka mwenye kurekebisha kuwa mwenye kusukuma.

Nikakishusha hadi 25. Sasa kinatulia kila mahali, lakini kwenye jino kimekuwa mzembe. Rota inapoingia kwenye jino koili inazalisha volti za kurudi zinazopinga, na kidhibiti kinafika kimechelewa. Mkondo unabaki ampea 3 chini ya lengo.

Nimefanya kigezo kifuate pembe: kidogo kwenye pengo, kikubwa kwenye jino. Kosa limeshuka hadi ampea 1 kwa mwendo wa mizunguko 400 kwa dakika. Ila sasa kila kitu kinategemea pembe na jedwali viwe sahihi.

1 Juni: sifuri inayohama

Wiki mbili nimefukuza tatizo ambalo halikuwa la kidhibiti. Asubuhi mota ilikuwa laini, jioni inatetemeka. Sensa zangu za mkondo ni ACS712 za ampea 30, dola 5 moja. Zinatoa milivolti 66 kwa ampea, na sifuri yao iko katikati ya volti 5 zinazowalisha. Jioni ugavi wangu mdogo wa umeme wa sensa ulikuwa unashuka hadi 4.85. Nusu ya upungufu huo ni milivolti 75, na kwa sensa hizi ni zaidi ya ampea moja. Kidhibiti kilikuwa kinatii uongo kwa bidii.

Ugavi bora ungesaidia. Lakini kuna dawa iliyo ndani ya mota yenyewe, na naipenda kuliko zote nilizozipata katika kazi hii: kila fezi inazimwa kabisa katika kila mzunguko wa meno. Katika dakika hiyo mkondo ni sifuri kweli. Basi programu inasoma sensa wakati huo na kuiita sifuri. Kwa mizunguko 750 mota inanipa sifuri mpya mara 100 kwa sekunde, bila senti moja. Tetemeko la jioni limekwisha.

22 Juni: pembe inayochelewa

Nilipopita mizunguko 500 nguvu ilianza kupungua na koili kuchemka. Nilibadilisha vigezo vya PI kwa siku tatu. Kosa lilikuwa kwenye sensa ya pembe, AS5600 ya dola 6. Kama inavyotoka dukani ina kichujio kinachochelewesha milisekunde 2.2. Kwa mizunguko 750 rota inakwenda nyuzi 4.5 kwa milisekunde, kwa hiyo nilikuwa naambiwa mahali rota ilipokuwa nyuzi kumi nyuma. Fezi nzima ina nyuzi 15 tu za kufanya kazi! Nilikuwa nazima mkondo jino likiwa limeshapita, na mota inajivuta yenyewe kurudi.

Kichujio kinaweza kupunguzwa hadi milisekunde 0.286 kwa kuandika kwenye rejista yake. Nilifanya hivyo, ikawa afadhali. Kisha nikapata enkoda ya mwanga iliyotumika, sensa ya pembe inayohesabu mapigo ya mwanga, mapigo 1024 kwa mzunguko, dola 20, na nimeiacha hiyo. Anayeanza leo aende moja kwa moja kwenye enkoda.

13 Julai: kutabiri, na kukata tamaa mapema

Nikiwa na jedwali la flaksi, nilijaribu njia ya kutabiri: flaksi inayotakiwa baada ya mikrosekunde 50, toa iliyopo sasa, gawanya kwa muda, ongeza volti za ukinzani. Hiyo ndiyo volti ya kutoa. Kwa A na B kosa lilikuwa ampea 0.3, bora kuliko chochote nilichojaribu. Kwa C mkondo ulipita lengo na kuyumba kila mara. Nikadhani ni sensa, nikabadilishana sensa za A na C. Tatizo likabaki C.

Nimeandika hapa kwamba njia hii inataka mota isiyo na kasoro, nami sina. Naiacha.

3 Agosti: udhibiti wa kuteleza

Njia hii ilienezwa na Vadim Utkin kwa makala yake ya 1977. Wazo lake: unachora mstari ambao kosa lake ni sifuri, na unausukuma mkondo kwenye mstari huo kwa nguvu kubwa kuliko mashaka yote uliyo nayo kuhusu mota. Ukiufikia, unateleza juu yake hata kama jedwali lako si sahihi. Volti ninayotoa ina sehemu mbili. Ya kwanza ni makisio: ukinzani, volti za kurudi, mabadiliko ya mkondo unaotakiwa. Ya pili ni K, ikiwa chanya mkondo ukipungua na hasi ukizidi.

K ni kiasi gani? Nilijumlisha mashaka. Joto la waya ni volti 2. Volti za kurudi kwa mizunguko 750 na ampea 14 zinakaribia 190, na nikizikosea kwa asilimia 20 ni volti 38. Makosa ya pembe na ya jedwali yachukue yaliyobaki. Nikaweka 80.

Siku ya kwanza sehemu ya pili ilikuwa inaruka kutoka +80 hadi −80 bila kitu katikati. Mkondo ulifuata lengo kweli, lakini mota ililia kama msumari unaoburutwa juu ya bati, na bamba la kupozea lilifika nyuzi 85 kwa dakika nne. Nikazima.

Dawa inayojulikana ni kuweka ukanda kuzunguka mstari. Nje ya ukanda sukuma kwa K yote, ndani yake punguza kadiri kosa linavyopungua. Niliweka ukanda wa ampea 0.3 nikidhani mwembamba ndio sahihi. Kelele ikabaki kwenye pengo. Hapo ndipo nilipokumbuka PI ya Mei: ndani ya ukanda, njia ya kuteleza ni kigezo cha kawaida tu, K igawanywe kwa upana. Themanini kwa 0.3 ni volti 267 kwa ampea, kali kuliko ile 190 iliyokata fyuzi. Ukanda wa ampea 1 unatoa 80, na kwenye milihenri 8 hiyo inatulia.

Basi ukanda nao ufuate pembe: ampea 1 kwenye pengo, 0.3 kwenye jino. Na hapa nilikosea tena, kosa ambalo sikulitarajia. Kwa ampea 5 kwenye jino kila kitu kilitulia. Kwa ampea 14 kelele ikarudi, mahali pale pale ambapo indaktansi ni kubwa kuliko pote. Nilikesha na hilo. Jibu ni kwamba chuma kikishashiba, ampea moja ya ziada haiongezi flaksi nyingi. Milihenri 61 ni za chuma chenye njaa. Kwa ampea 14 nilipopima mteremko wa jedwali, ampea inayofuata inaona milihenri 15 tu. Upana wa ukanda lazima utoke kwenye mteremko huo, kwenye mkondo ulionao sasa hivi. Nimeutoa kwenye jedwali la Machi, na ukanda wa jino umepanda hadi ampea 0.6 mzigo ukiwa kamili.

Usiku huo mota ilizunguka 750 kwa ampea 14, kosa 0.4 kwenye fezi zote tatu. Hata C! Nilikaa mbele ya osiloskopu nikitazama zile ngazi tatu zikipandana, kingo zimenyooka kama zimekatwa kwa kisu, hadi betri ya chombo ikaisha.

24 Agosti: volti za jioni

Sasa umeme wa ukutani. Hadi hapa programu iligawa volti inayotakiwa kwa 310 ili kupata upana wa pigo. Jioni mita inaonyesha 160, ambazo zikirekebishwa ni 226, kwa hiyo kila volti niliyoagiza ilifika ikiwa imepungua zaidi ya robo, na K yangu ya 80 ilikuwa 58 bila mimi kujua.

Nimeweka kigawanyo cha volti kwenye kapasita zinazohifadhi umeme uliorekebishwa, na kusoma volti halisi. Kwanza niliichuja ili iwe tulivu. Vibaya. Umeme wa fezi moja ukirekebishwa unapumua mara 100 kwa sekunde, na chini ya mzigo kapasita zangu mbili za mikrofaradi 470 zinapanda na kushuka karibu volti 40. Kichujio kiliufuta mwendo huo ambao ndio niliutaka. Sasa nasoma kila pigo, bila kuchuja.

Kosa la pili lilinikatia fyuzi mbili. Katika mstari wangu wa kuteleza kuna sehemu inayojumlisha kosa kadiri muda unavyopita. Volti zikishuka sana pigo linafunguka lote na bado mkondo haufiki. Sehemu ile inaendelea kujumlisha deni. Jirani akizima jiko, volti zinarudi ghafla na deni lote linalipwa mara moja: ampea 19. Dawa ni kusimamisha kujumlisha kila pigo linapokuwa limefunguka lote.

Na kuna mpaka ambao hakuna kidhibiti kinachouvuka. Kwa mizunguko 900 na ampea 14 volti za kurudi zinakaribia zile 226 zenyewe. Hakuna kilichobaki cha kusukumia. Kwa hiyo programu sasa inafanya mambo mawili volti zikishuka: inawasha fezi mapema kidogo, kutoka nyuzi 1.6 hadi 2.2 kabla ya jino kwa mizunguko 750, na inashusha mwendo kutoka 900 hadi 700. Nguvu ya kuzungusha inabaki ile ile. Kinu kinasaga polepole zaidi, bila kuungua.

14 Septemba: kikohozi

Mama alikuja karakana kuona. Niliwasha kwa mzigo. Akaweka kiganja juu ya ganda la mota, akakaa kimya, akainamisha kichwa.

"Fundi, iko inakohoa."

Nikamwonyesha osiloskopu, mikondo mitatu inafanana kabisa. Akaitikia kwa adabu, mkono hakuuondoa. Nikaweka wangu pembeni. Ilikuwa kweli: piga, piga, pumzika kidogo. Piga, piga, pumzika kidogo. Mmoja kati ya mitatu ulikuwa dhaifu.

Kwa siku mbili sikujua nitafute wapi, kwa kuwa kila nilichokuwa napima kilikuwa sawa. Kisha nikachora kitu ambacho sikuwahi kukitazama: ile sehemu ya pili ya volti, jasho ambalo njia ya kuteleza inatoa ili kufunika mashaka, nikachukua wastani wake kwa kila fezi. A, karibu sifuri. B, karibu sifuri. C, volti 30 chini ya sifuri kila rota inapoingia kwenye jino. Yaani C ilikuwa na volti za kurudi pungufu kuliko jedwali, na kidhibiti kilikuwa kinasahihisha kimya kimya.

Nikafungua jalada la daftari. Mizunguko 112.

Indaktansi inafuata mraba wa mizunguko: 112 kwa 124, mraba wake ni 0.816. Milihenri 61 mara 0.816 ni 50. Nane mara hiyo ni 6.5. Namba zile zile nilizozipima tarehe 30 Machi na kuziita kosa. Njia ya kutabiri nayo ilinieleza Julai, nikailaumu yenyewe. Na njia ya kuteleza, kwa uimara wake, iliufunika ugonjwa usionekane: mkondo ulitii, lakini ampea 14 kwenye mizunguko 112 hazivuti kama ampea 14 kwenye 124. Nguvu ya mvuto inategemea mkondo mara mizunguko.

Basi C inatakiwa ampea 15.5. Niliogopa joto, nikapima ukinzani wa C: ohmu 0.90, dhidi ya 1.1 za wenzake, kwa sababu waya ni nene na fupi. Mraba wa 15.5 mara 0.90 ni wati 216. Mraba wa 14 mara 1.1 ni wati 216. Joto ni sawasawa. Mzee wa Kamalondo alijaza nafasi ile ile kwa shaba ile ile, kazi yake ilikuwa safi tangu siku ya kwanza, nami nilikwenda kumwambia hivyo.

C sasa ina jedwali lake na lengo lake. Kikohozi hakipo. Nimeirudia pia njia ya kutabiri kwa jedwali sahihi: C inakaa ndani ya ampea 0.3 kama A na B mota ikiwa baridi, ila ikipata moto inaanza kupotea, kwa hiyo nabaki na kuteleza. Kwa anayeiga: ile sehemu ya pili irekodiwe tangu siku ya kwanza, kila fezi peke yake. Mkondo utakuonyesha kama kidhibiti kinafanya kazi. Volti hizo zitakuonyesha mota ikoje.

5 Oktoba: Katuba

Mota imefungwa kwenye kinu kwa mkanda. Gharama zote, pamoja na kadi ya maikrokontrola, viendeshi vya transista, kapasita, sanduku na vilivyoungua, ni dola 260. Betri nilikuwa nazo, sikuzihesabu. Vumbi la bunga linaingia kila mahali, kwa hiyo sanduku la kidhibiti halina matundu: bamba la kupozea liko nje, nyuma, na kila jioni linafutwa kwa kitambaa kikavu.

Jioni ya kwanza mita ilishuka hadi 178 saa moja na nusu. Nilisikia mota ikibadilisha sauti, ikashuka hadi 700, ikaendelea. Mama alimimina beseni lililofuata bila kugeuka. Alipomaliza akachukua bunga kidogo kati ya vidole, akausugua, akaupeleka kwenye mwanga, akamwambia binti aliyekuwa anangoja, "Lete yako."

Nimeacha kadi ndogo ya kumbukumbu ndani ya sanduku. Kila Jumamosi nasoma namba tatu, jasho la kila fezi mota ikiwa moto. Leo: A volti 3, B volti 3, C volti 3, zote juu ya sifuri. Ni ukinzani wa shaba iliyopata joto, karibu nyuzi 55 juu ya asubuhi. Nitazisoma tena mvua zikianza.